Mfumo funge au mfumo huria: mtengeneza gemu aangalie nini kabla ya kuchagua

MLETA MADA

Ndugu zangu mnaotengeneza gemu, habari za kazi. Kila anayeingia katika shughuli hii hufika mahali pa kuamua kama gemu yake ataielekeza kwenye mfumo endeshi wenye mwenyewe, ambao kampuni moja ndiyo inayoamua nani aingie na kwa masharti gani, au kwenye mfumo huria usio na bawabu. Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa mapenzi: mpenzi wa Linux hulijibu kwa imani, na aliyezoea Windows au iPhone huona hata kuliuliza ni kupoteza muda. Naomba tulijadili kwa mambo yaliyotokea, kwa kuwa tangu mwaka 2012 yametokea mengi, na hayampi ushindi mtu wa kambi yoyote.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa. Kuna msimbo wa mfumo, na kuna mlango wa kumfikia mchezaji. Windows ya miaka mingi ilikuwa na msimbo wa siri lakini mlango wake ulikuwa wazi, kwa maana kwamba mtu yeyote aliweza kuandika programu, akaiuza kwenye diski au kwenye tovuti yake, bila kuomba ruhusa Microsoft. iPhone kwa miaka mingi ilifunga vyote viwili. Android ni kinyume cha Windows: sehemu kubwa ya msimbo wake ni huria, ila kwa vitendo mlango umeshikwa na Google Play, jambo ambalo Huawei ililiona waziwazi mwaka 2019 ilipozuiwa kutumia huduma za Google katika simu zake mpya, msimbo wa Android ilibaki nao, lakini wateja wengi wa nje ya China hawakuziona tena simu hizo kuwa kamili. Kati ya hii minne, Linux pekee ndiyo iliyo wazi pande zote mbili. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mfumo fulani ni huria mimi humwuliza kwanza: huria kwa msimbo, au huria kwa mlango? Kinachogusa mfuko wa mtengeneza gemu ni mlango.

Mwaka 2012 ndipo watengenezaji wengi walipoanza kulitambua hilo. Windows 8 ilitoka Oktoba mwaka huo ikiwa na duka la Microsoft ndani yake, na programu za mtindo mpya zilipaswa kupitia duka hilo tu. Windows RT, toleo la vifaa vyenye chipu za ARM, haikukubali kabisa programu za kawaida zinazotoka nje ya duka. Julai, hata kabla mfumo huo haujatoka, Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, alisema mjini Seattle kwamba Windows 8 ni janga kwa kila mtu aliye katika biashara ya kompyuta binafsi. Markus Persson, aliyeanzisha Minecraft, alikataa ombi la Microsoft la kuithibitisha gemu yake kwa ajili ya mfumo huo. Februari 2013 Valve ikatoa Steam ya Linux.

Tusijidanganye kuhusu nia. Steam yenyewe ni duka la mtu mmoja, linachukua asilimia 30 ya mauzo kama lilivyokuwa likichukua duka la Apple, na Valve haikwenda Linux kwa sadaka. Ilikwenda kwa sababu biashara yake yote ilikuwa imesimama juu ya mfumo wa mshindani, na mshindani huyo alikuwa ameanza kujenga duka lake. Mimi naona sababu hiyo ni nzuri kuliko hisani, kwa kuwa hisani huchoka na maslahi hudumu.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Novemba 2015 kampuni kadhaa ziliuza kompyuta za Steam Machine zenye SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Linux ya Debian, na watu hawakuzinunua. Gemu zilikuwa chache, na vipimo vilivyochapishwa wakati huo vilionyesha gemu kadhaa zikienda polepole zaidi kwenye SteamOS kuliko kwenye Windows ndani ya mashine ileile, kwa sababu nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa Direct3D, njia ya Windows ya kuchora picha, na kuhamishiwa kwa haraka OpenGL, njia inayofanya kazi hiyo kwenye Linux. Kampuni zilizoombwa kuhamisha gemu zao zilifanya hesabu na kuona kwamba kazi ni kubwa na wachezaji ni wachache; wachezaji nao walitazama orodha ya gemu na kubaki walipo.

Kilichobadilisha mambo ni uamuzi wa kuacha kuwaomba watengenezaji chochote. Agosti 2018 Valve ilitoa Proton, ambayo imejengwa juu ya Wine, mradi ulioanza mwaka 1993 wa kuziwezesha programu za Windows kukimbia kwenye mifumo mingine, na ndani yake ikawekwa DXVK, programu inayotafsiri maagizo ya Direct3D kuwa ya Vulkan wakati gemu inaendelea. Vulkan ni kiwango huria cha kuchora picha kilichotoka Februari 2016, na bila hicho tafsiri hiyo ingekuwa nzito mno. Februari 2022 ikafuata Steam Deck, kifaa cha mkononi kilichoanza kuuzwa kwa dola 399, chenye SteamOS mpya iliyojengwa juu ya Arch Linux, na maelfu ya gemu ambazo waandishi wake hawakuwahi kuigusa Linux zikawa zinachezeka humo. Mwaka 2025 Lenovo nayo ikauza kifaa chenye SteamOS, na kufikia Oktoba mwaka huo takwimu za Steam zilionyesha watumiaji wa Linux wamefika kama asilimia 3.

Asilimia 3 si soko la kumfanya mtu aache Windows. Hata hivyo Microsoft haikufanikiwa kulifanya duka lake kuwa njia ya lazima. Mwaka 2019 ilianza kuzirudisha gemu zake kubwa kwenye Steam, ikiwemo mkusanyiko wa Halo. Siwezi kusema Linux peke yake ndiyo iliyoleta hilo, kwa sababu wanunuzi wenyewe walilikataa duka lile. Ninachosema ni kwamba Valve ilikuwa na mahali pa kwenda, na mwenye mahali pa kwenda hazungumzi na mwenye nyumba kama asiye na pa kwenda. Hiyo ndiyo hoja yangu yote: mfumo huria thamani yake kwa mtengeneza gemu si mauzo, ni uwezo wa kuhama. Uwezo huo una gharama, na ni lazima uulipie mapema, wakati bado hauuhitaji. Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimekusoma kwa makini, lakini naona umeutendea mfumo funge isivyo haki. Kuna sababu watu waliujenga mlango ule. Mwaka 1983 soko la gemu za nyumbani nchini Marekani liliporomoka, na sababu mojawapo ilikuwa wingi wa gemu mbovu ambazo mtu yeyote aliweza kuzitengenezea Atari. Nintendo ilipoingia Marekani mwaka 1985 iliweka chipu ya kufunga ndani ya mashine yake, ili gemu isiyo na idhini isiwake, na wazazi wakarudi kununua. Imani ile ya mnunuzi ilitokana na kufunga.

Pili, mimi natengeneza peke yangu. Nikiandikia konsoli moja au iPhone, nina orodha fupi ya vifaa vya kupimia. Nikiandikia Linux kuna matoleo mengi, draiva nyingi, na kila mtumiaji ameupanga mfumo wake anavyotaka. Rocket League iliacha kuhudumia Mac na Linux Machi 2020, na watengenezaji wake walieleza kwamba wachezaji wa mifumo hiyo miwili kwa pamoja hawakufika asilimia 0.3. Kampuni yenye fedha imeona haifai, mimi nitaiwezaje?

Tatu, wadanganyifu. Gemu ya ushindani mtandaoni hufa pale wachezaji wanapoanza kushuku kwamba wenzao wanadanganya. Apex Legends iliifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024 kwa sababu hiyo.

MLETA MADA

Ahsante sana, ndugu. Hoja yako ya tatu naikubali bila masharti, na nitaianza hiyo. Programu za kukagua udanganyifu siku hizi hukaa ndani kabisa, kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kazi yake ni kumzuia mwenye kompyuta asiiguse kumbukumbu ya gemu. Kwenye Linux mwenye kompyuta anaweza kuijenga upya kerneli yenyewe, kwa hiyo mkaguzi hana hakika kwamba anachoambiwa na mfumo ni kweli. Huo uhuru tunaousifu ndio tatizo lenyewe. Tim Sweeney wa Epic, kampuni ya gemu ya Fortnite, ambaye mwaka 2016 aliipinga Microsoft hadharani kwa kutaka kuufunga mlango wa Windows, ndiye huyohuyo aliyekataa kuipeleka Fortnite kwenye Steam Deck, kwa maelezo kwamba kerneli zenye sura nyingi kiasi hicho ni vigumu kuzilinda kwa gemu yenye wachezaji wengi. Simwoni kuwa na kigeugeu. Alitetea mlango wazi wa kuuzia, hakutetea kerneli wazi ya kuchezea, na hayo ni mambo tofauti.

Kuhusu Nintendo, historia uliyoitaja ni sahihi, ila haikuishia hapo. Kampuni iliyokuwa na idhini ilibanwa kutoa gemu zisizozidi 5 kwa mwaka nchini Marekani, na Konami ililazimika mwaka 1988 kuanzisha jina la pili, Ultra Games, ili iweze kutoa zaidi. Kanuni iliyoanza kwa kulinda ubora ikageuka kuwa udhibiti wa nani apate riziki na kiasi gani. Mwenye mlango hahitaji kuwa mbaya ili hilo litokee. Inatosha awe peke yake.

Kuhusu wingi wa vifaa, Steam Deck imeonyesha kwamba mfumo huria unaweza kukaa kwenye kifaa kimoja kinachojulikana. Kufanana kwa vifaa na kufungwa kwa mlango ni mambo mawili, ingawa kwa miaka mingi tumeuziwa yote katika boksi moja. Apple nayo, ambayo tunaisifu kwa utulivu, Oktoba 2019 ilitoa macOS Catalina iliyokataa programu zote za biti 32, na gemu nyingi za zamani zilizonunuliwa kihalali zikaacha kufanya kazi. Mwaka mmoja kabla ilikuwa imetangaza kuiacha OpenGL na kuwataka watu waandikie Metal, kiwango chake yenyewe.

Nikiri upande wa pili pia. Linux haina rekodi nzuri ya kuzilinda gemu zilizoandikwa kwa ajili yake. Laibrari zake za msingi, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea, hubadilika, na gemu ya Linux ya miaka kumi iliyopita mara nyingi haiwaki leo, wakati toleo lake la Windows linawaka vizuri kupitia Proton. Maana yake ni kwamba miito ya Windows, yaani maagizo ambayo gemu huutumia mfumo, imekuwa ardhi imara kuliko ya Linux, hata ndani ya Linux.

MCHANGIAJI WA PILI

Wakuu, mjadala ni mzuri, lakini mnazungumzia kompyuta wakati mchezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura ameshika simu, na simu hiyo kwa kawaida ni Android ya bei nafuu. Kwetu faida kubwa ya Android imekuwa ni faili ya APK, ile ya kusakinishia programu. Unaituma kwa mtu kwa WhatsApp au kwa Bluetooth, anaiweka, anacheza, hata kama hana kadi ya benki wala hajawahi kununua kitu kwenye duka la Google. Wengine tulianza kujulikana mtaani kwa njia hiyo.

Sasa Agosti 2025 Google imetangaza kwamba kwenye simu za Android zilizoidhinishwa, programu itapaswa kutoka kwa msanidi aliyejisajili na kuthibitishwa utambulisho wake, hata kama haipiti Google Play. Wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya malalamiko wamesema wataweka njia ya mtumiaji mzoefu kukubali hatari na kuendelea, lakini mchezaji wangu si mtumiaji mzoefu. Ni kijana wa sekondari ambaye akiona onyo jekundu ataifuta. Naelewa kwamba matapeli wanaotuma programu za kuiba fedha kwenye simu wapo, na wazazi wetu wameumizwa nao. Bado najiuliza, hiyo Android tuliyoihesabu kuwa mfumo wazi itakuwa na tofauti gani na iPhone?

MLETA MADA

Dada au kaka, umegusa penyewe. Mfano huo unaonyesha kwa nini sikutaka tuhesabu Android kuwa huria kwa sababu tu msimbo wake unapatikana. Mlango ukiwa na mwenyewe, upana wake leo ni uamuzi wake, na kesho ataamua tena. Sababu anayoitoa ni ya kweli, na hilo ndilo linalofanya iwe vigumu kumpinga.

Tofauti na iPhone itabaki, kwa kuwa bado hutalazimika kumlipa Google asilimia ya mauzo yako kwa programu uliyoisambaza mwenyewe. Kwenye iPhone, kukwepa makato hayo kulihitaji mahakama. Fortnite iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2020 kwa kuweka njia yake ya malipo, kesi ikasikilizwa mwaka 2021, na gemu hiyo ikarudi kwenye iPhone za Marekani Mei 2025, baada ya jaji kuona kwamba Apple haikutii amri aliyotoa mwanzo. Ilikuwa kesi ya karibu miaka mitano kwa kampuni yenye mabilioni. Hata hivyo si kila kitu kilitokana na amri ya mahakama: mwaka 2021 Apple na Google zote zilipunguza makato hadi asilimia 15 kwa mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, na hilo linawahusu karibu wote tuliomo humu.

Kuna mlango mwingine ambao hatujautaja, nao uko kabla ya mfumo endeshi: injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu. Septemba 2023 Unity, kampuni yenye injini ya jina hilo, ilitangaza ada kwa kila usakinishaji wa gemu inayovuka kiwango fulani cha mapato na usakinishaji. Fikiria gemu ya simu isiyouzwa, inayopata senti chache kutoka kwenye matangazo kwa kila mchezaji. Ada ya hadi senti 20 za dola kwa usakinishaji mmoja ingemeza mapato yote. Unity ililegeza siku kumi baadaye na kuifuta ada hiyo Septemba 2024, lakini watu walikuwa wameshaona kwamba masharti yanaweza kubadilishwa wakati gemu imefika nusu. Wengi walihamia injini ya Godot, iliyofanywa huria mwaka 2014 na Waargentina Juan Linietsky na Ariel Manzur, chini ya leseni ya MIT ambayo haiwezi kudai malipo kesho kwa toleo ulilonalo leo.

Na hapo pia kuna gharama. Wenye konsoli huwafungia wasanidi kwa mikataba ya siri kuhusu zana zao, kwa hiyo mradi wenye msimbo wa wazi hauwezi kuweka ndani yake msimbo wa kuipeleka gemu kwenye PlayStation au Nintendo Switch. Mtumiaji wa Godot anayetaka kwenda huko hulipia kampuni ya kumhamishia. Kwa asiye na ndoto ya konsoli hilo si kitu. Kwa mwenye ndoto hiyo, aliingize kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

MCHANGIAJI WA TATU

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nina laptop moja ya kawaida yenye Linux, na nataka kutoa gemu yangu ya kwanza ya mafumbo, ya mchezaji mmoja. Kwa haya mliyoeleza, nianzie wapi? Na je, nitoe toleo la Linux au niiachie Proton?

MLETA MADA

Marahaba, mdogo wangu. Andika kwa Godot, au kama unapenda kuandika kila kitu mwenyewe, tumia SDL, laibrari ya kuandikia gemu. Laibrari hiyo ilianzishwa mwaka 1998 na Sam Lantinga, na ikatumiwa na Loki Software, kampuni iliyohamishia gemu kwenye Linux na kufunga milango Januari 2002 kwa kukosa wanunuzi. Kampuni ilikufa, laibrari ikabaki kwa kuwa ilikuwa huria, na leo imo ndani ya gemu nyingi zinazouzwa kwenye mifumo funge. Ukitaka kujua mfumo huria unampa nini mtengenezaji hata pale biashara inaposhindwa, tazama hilo.

Toleo lako la kuuzia liwe la Windows, kwa sababu wanunuzi wako huko, na ulipime kwenye laptop yako kwa Proton. Steam wanatoza dola 100 kwa gemu, ambazo hurudishwa mauzo yakifika dola 1,000. Kama fedha hiyo haipo, anza na duka la mtandaoni la itch.io, ambako wewe ndiye unayepanga asilimia watakayochukua, hata sifuri. Android ni dola 25 mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa kawaida utahitaji pia Mac ya kujengea, kwa hiyo iache hadi gemu ijilipie.

Kuhusu toleo la Linux: kwa kuwa unaitumia kila siku na Godot inalitoa bila kazi ya ziada, litoe, na usitarajie mauzo makubwa. Tarajia kitu kingine. Aliyetengeneza ΔV: Rings of Saturn, ambayo nayo imeandikwa kwa Godot, alieleza mwaka 2021 kwamba watumiaji wa Linux walikuwa asilimia 5.8 tu ya wanunuzi wake lakini walituma asilimia 38 ya taarifa za hitilafu, na katika taarifa zao kama 400, ni 3 pekee zilizohusu Linux yenyewe. Nyingine zote zilikuwa hitilafu zilizokuwa zikiwasumbua watu wa Windows pia, ambao hawakuandika. Walieleza hatua kwa hatua jinsi hitilafu inavyotokea, wakaambatanisha kumbukumbu za mfumo. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake bila timu ya kupima, wanunuzi wa namna hiyo ni msaada usioweza kuuajiri.

Weka pia faili zako za michezo iliyohifadhiwa katika umbo unalolijua mwenyewe, na usiifunge gemu kwenye huduma za duka moja kwa mambo kama mafanikio ya mchezaji au orodha ya washindi. Ziandike katika sehemu yake ya pembeni ili siku ukihamia duka jingine ubadilishe sehemu hiyo tu. Na siku ukitengeneza gemu ya ushindani mtandaoni, acha maamuzi yote ya muhimu yafanywe na seva, kifaa cha mchezaji kitume tu alichobonyeza. Haitazuia kila udanganyifu, hasa katika gemu za kulenga shabaha, lakini itakupunguzia sana haja ya kuikagua kerneli ya mtu.